Sahani ya Bwana Afya

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimejibanza nyuma ya mlango wa stoo, katikati ya magunia ya mchele, nikimsikiliza mke wangu akiongea na mwanamume mwingine kwa simu. Baadhi yenu mmenitumia pole. Wengine mmenitukana. Matusi yawekeni akiba kwanza, maana ya leo ndiyo yanayostahili.

Kwa ambaye hakuwepo: mimi na mke wangu tuna mgahawa. Yeye ni wa jikoni, mimi ni wa kaunta. Wateja huniita Bosi, lakini hata muuza magazeti wa nje anajua bosi ni nani. Na huyo mwanamume wa kwenye simu ni bwana afya, mkaguzi wa migahawa ya mtaa wetu. Yeye ndiye anayeamua nani apewe kadi ya kijani, nani ya njano, na nani afungiwe jiko kwa kadi nyekundu.

Sisi hatujawahi kuonja njano. Tangu tufungue ni kijani juu ya kijani. Mke wangu ametia kila kadi kwenye fremu na kuitundika ukutani, juu ya kaunta, mahali penye mwanga mzuri. Picha yetu ya harusi iko chumbani, nyuma ya kabati.

Chini ya kila kadi kuna nafasi ya maoni, na bwana afya huandika kwa mkono wake. Ya kwanza kabisa inasema "Safi", basi. Iliyofuata, "Safi sana". Baadaye ikawa "Safi sana, hongera mama". Na ya mwisho, ile iliyoniondolea usingizi: "Jiko hili ni mfano. Sina la kuongeza."

Sasa niambieni. Mtu asiye na la kuongeza, kwa nini aandike?

Mimi hukaa chini ya kadi hizo kutwa nzima. Huzisoma mpaka nimezikariri. Wateja wanaona rekodi ya usafi, mimi naona barua za mapenzi zimetundikwa hadharani, tena kwenye ukuta ninaoulipia pango.

Basi nyuma ya mlango wa stoo nilisikia hivi: "Njoo kesho basi, kaka. Safari hii hukatai. Nimesema hukatai." Halafu akacheka. Kilikuwa kicheko cha enzi za uchumba wetu, nilidhani kimekwisha kumbe kilikuwa kinatumika kwingine.

Na hilo neno "kaka" nalo. Kaka gani ambaye mama mkwe wangu hakumzaa?

Nilitoka stoo na vumbi la mchele kichwani.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na bwana afya," akasema. Hakuficha. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana nilikuwa nimejiandaa kwa uongo.

"Anataka nini?"

"Anakuja kesho. Kuna jambo nitakuambia jioni, sasa hivi nina mafuta motoni. Na jipanguse kichwa, una unga."

Jioni alikuja kweli. Alikaa pembeni ya kitanda, akavua viatu, akaanza, "Baba, kuhusu bwana afya..."

"Nimechoka na habari za bwana afya," nikamkata.

"Lakini habari yenyewe ni..."

"Nimesema nimechoka. Humu ndani hakuna mtu mwingine wa kuongelewa?"

Aliniangalia kidogo. "Haya. Utamwona mwenyewe kesho."

Kama ningemwacha amalize ile sentensi, leo msingekuwa na cha kusoma.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo kichwa changu kilipoanza kufanya kazi vibaya.

Jumapili tulikuwa tumefunga, na umeme ulikatika mchana kutwa. Jumatatu mke wangu alifungua friji akiwa na kipimo chake cha joto, akakidunga kwenye chakula kimoja baada ya kingine. Ndoo ndogo ya mchuzi wa nyama, iliyobaki tangu Jumamosi, ilimfanya akunje uso.

"Hii inatupwa," akasema.

Nikainusa. "Mbona haina harufu?"

"Chakula kibaya hakinuki siku zote. Bwana afya anasema..."

"Kichemshe basi, si kitakuwa sawa?"

"Kuna sumu haifi kwa moto. Bwana afya alitufundisha."

Bwana afya anasema, bwana afya alitufundisha. Mimi ndiye niliyenunua friji, lakini sijawahi kusikia "mume wangu anasema" jikoni humo.

Ana utaratibu wake wa stika. Chakula cha kuliwa hupata stika ya kijani, cha kutupwa hupata nyekundu, na hata rangi hizo alizitoa kwenye kadi za nani, mnajua wenyewe. Stika huzibeba mfukoni mwa aproni. Akishaibandika juu ya mfuniko, huilalisha kwa kidole gumba, polepole, kutoka kona moja hadi nyingine, ili isibanduke. Baada ya hapo hakuna anayebishana. Jikoni kwetu ndoo zote ni nyeupe na zinafanana, watu husoma stika.

Ile ndoo mbovu ikapata nyekundu, ikawekwa rafu ya chini kabisa kusubiri lori la taka Jumanne asubuhi. Hatutupi nyama kwenye pipa kabla ya lori, inaita panya. Kisha mke wangu akapika mchuzi mpya, uleule, akaujaza kwenye ndoo nyingine, stika ya kijani, rafu ya juu.

Usiku ule, nikiwa nimegeukia ukuta, nilijiambia: kuna njia ya kujua ukweli. Bwana afya hufungua friji kabla ya kitu kingine chochote. Akikuta chakula kibovu kwenye rafu ya chakula kizuri na akakiandika, basi ni mkaguzi. Akikiona na kukifumbia macho, basi ni mpenzi.

Nilijiona nina akili za ajabu.

Kuhusu kadi ya kijani kupotea, sitawadanganya. Nililifikiria. Nikajibu moyoni kwamba ukuta ule unaweza kuvumilia pengo moja. Tena nikaona raha, naapa, nikiwaza fremu yenye kadi ya njano katikati ya zile barua zake.

Jumanne nilifika jikoni kabla ya watu wote. Nikafungua friji. Nikabandua stika ya kijani kwenye mchuzi mpya na ile nyekundu kwenye mchuzi mbovu, nikazibadilisha. Ilinibidi kubadilisha zote mbili, kwa sababu mke wangu hukumbuka ndoo zake. Angekuta mbili za kijani angeuliza maswali. Nikazilalisha kwa kidole gumba kama anavyofanya yeye. Mbovu ikapanda rafu ya juu. Nzima ikashuka chini.

Hakuna ambaye angeila, nilishapanga. Mchuzi wa mchana hupikwa sufuria mpya, ndoo ya friji ni ya akiba ya jioni. Mimi ningekaa palepale mlangoni, bwana afya angekuja asubuhi kama kawaida yake, angefungua, angeona au asingeona, na mimi ningeitoa ndoo na kuimwaga. Basi. Nani angeumia?

Dada yangu ndiye wa kwanza kuja. Ni dada yangu wa tumbo moja, mkubwa wangu, anamsaidia mke wangu jikoni tangu shemeji yangu afariki. Aliniona nimesimama kando ya friji.

"Wewe na jikoni wapi na wapi?"

"Nakagua."

"Unakagua nini wewe? Hata chumvi huijui ilipo." Akainama, akatoa ndoo ya stika nyekundu, akaipeleka nje. Lori la taka lilikuwa linapiga honi. Mchuzi mzuri wa mke wangu ukaenda zake jalalani, nikautazama unaondoka.

Nikakaa kwenye stuli karibu na friji. Bwana afya hakuja. Chai ikapita. Bwana afya hakuja. Mchana ukaanza kunukia, watu wakaanza kujaa, nami sikubanduka.

"Baba," mke wangu akasema, akipita na sinia, "kaunta hakuna mtu."

"Nitakwenda."

"Wateja wanajilipisha wenyewe huko?"

"Nimesema nitakwenda."

Akaweka sinia chini. "Una nini leo? Tangu asubuhi unailinda friji kama ina mtoto mchanga."

Dada yangu akaguna. "Muache, wifi. Labda anaona joto."

Kabla sijajibu, jiko likazima. Gesi imekwisha, katikati ya mchana, nyumba imejaa watu.

"Kimbia ulete mtungi," mke wangu akasema.

"Mtume mtu mwingine..."

"Nani? Wifi abebe mtungi begani? Nenda, baba, chakula kitalala."

Niangalieni hapo nilipofikia. Kubaki siwezi, na sababu ya kubaki siwezi kuisema. Nikainua mtungi mtupu nikatoka mbio.

Kwa muuza gesi kulikuwa na foleni. Nilisimama nikihesabu visogo vya watu na kumlaani kila mmoja. Ndipo simu ikalia. Alikuwa mwoka mikate wa kona ya juu. Sisi wenye migahawa tuna tabia hiyo: mkaguzi akionekana mtaani, wa kwanza kumwona humpigia anayefuata, naye humpigia anayefuata, mpaka mtaa mzima unapiga deki kwa wakati mmoja.

"Mgeni wako amepita hapa sasa hivi," akasema. "Amependeza leo. Shati limenyooshwa. Na hana lile begi lake."

"Hana begi?"

"Hana. Yuko na dada mmoja, ndiye aliyebeba."

Shati limenyooshwa. Wivu ulinipanda mpaka macho yakaona ukungu. Nikaruka foleni, nikamsukuma mzee wa watu, nikanyakua mtungi na kuacha matusi yote ya dunia nyuma yangu. Mtungi uliojaa si mchezo. Nilikimbia nao begani, jasho linaingia machoni, nikimwona akilini mke wangu amemfungulia friji na wote wawili wanacheka.

Niliingia kwa mlango wa nyuma. Jikoni alikuwemo mwanamke nisiyemjua, kijana, koti jeupe, kofia ya nywele, begi la bwana afya miguuni. Alikuwa amefungua friji na anaangaza tochi kwenye rafu.

"Wewe nani?" nikamuuliza.

"Bibi afya," akajibu bila kugeuka. "Ninachukua eneo hili kuanzia leo. Bwana afya amehamishwa. Mkeo hakukuambia?"

Nikaweka mtungi chini, karibu uniponde mguu. Habari yenyewe ni... Hiyo ndiyo ilikuwa habari yenyewe.

Yaani nilikuwa nimemtegea mtego mtu ambaye hata hakagui.

Kwa dakika moja niliona furaha. Amehamishwa! Anaondoka! Nilitaka kumkumbatia bibi afya wa watu. Halafu nikaangalia rafu ya juu ya friji, alipokuwa anamulika. Ilikuwa tupu.

"Friji safi," akasema, akiandika kwenye kadi. "Rafu safi. Kila kitu kina stika. Nimesifiwa jiko hili mpaka nikadhani wananitania, kumbe kweli."

Nikamvuta dada yangu pembeni ya masinki.

"Ndoo iko wapi?"

"Ndoo gani?"

"Ya juu. Ya kijani."

"Mkeo ameipasha sasa hivi, kwenye lile jiko letu dogo la umeme. Sufuria ya mchana imekwisha na gesi ulikuwa nayo wewe. Amesema mgeni wake hali makombo ya sufuria." Akanitazama. "Mbona umekauka midomo?"

Nilisukuma mlango wa ukumbini.

Watu wa mchana walikuwa wamepungua. Bwana afya alikuwa amekaa meza ya dirishani, shati limenyooshwa kweli, mikono imeoshwa, na mbele yake sahani ya wali na mchuzi wa nyama. Mke wangu alikuwa amesimama kando yake bila aproni. Alikuwa ameivua na kuikunja begani, nywele amezifunga upya. Kwangu mimi huwa anakaa na aproni mpaka kitandani.

Bwana afya alikuwa anatafuna.

Hapa ndipo nataka mniache nieleze, halafu mnihukumu. Miguu yangu ilisimama. Mdomo ulikuwa na neno, lilikuwa limefika mpaka kwenye meno. Lakini niliona vile mke wangu alivyokuwa anamtazama anakula, kichwa amekiinamisha upande, na sauti moja ndani yangu ikasema: muache. Tumbo la siku mbili halijaua mtu. Aende huko alikohamishiwa akiwa anakimbilia choo, ajue ladha ya mke wa mtu.

Akachota tena. Nami nikakaa kimya.

"Karibu, Bosi," bwana afya akaniona. "Kaa. Nilikuwa namwambia mama hapa, sijala mgahawani miaka mingi."

"Kwa nini?" nikauliza. "Si kazi yako kuingia migahawani?"

"Kuingia, ndiyo. Kula, hapana. Hata maji nilikuwa nakunywa hapa kwenu tu." Akaweka kijiko pembeni kidogo. "Mke wangu alikula mahali fulani, nyama iliyolala nje ya friji. Alilazwa na hakurudi nyumbani. Mahali penyewe nilikuwa nimepapitisha mimi. Kadi ya kijani, sahihi yangu."

Mke wangu akainamisha macho. Nikaona kwamba yeye hakuwa akiisikia habari ile leo kwa mara ya kwanza.

"Tangu hapo nakagua hivi ninavyokagua," akaendelea. "Na tangu hapo siwezi kumeza chakula cha nje. Kila nikija hapa mama ananikaribisha, nami nakataa. Jana nikampigia kumuaga, akasema safari hii hukatai. Nikasema sawa, mimi si mkaguzi tena. Nikishindwa kula kwenye jiko hili basi sitakula popote mpaka nife." Akatabasamu, akashika kijiko tena. "Na ni kitamu."

Mnajua nilichokiwaza? Mnadhani nilimwonea huruma mara moja. Hapana. Wazo la kwanza lilikuwa: alimwambia mke wangu siri hii, na mke wangu akaitunza asinipe. La pili ndilo lilikuwa huruma. Lilikuja limechelewa, lakini lilikuja zito, nikahisi tumbo langu mimi ndilo limekula.

"Usile," nikasema.

Wote wawili wakainua macho.

"Nini?" mke wangu akauliza.

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Ilikuwa hapo, wazi, mlango haujafungwa. Nikasema, "Nimeona nywele. Kwenye sahani."

Bibi afya alikuwa anatoka jikoni na kadi mkononi. Alisimama. Kalamu yake ilikuwa tayari imeshuka hadi mahali pa sahihi, ikapanda juu tena.

"Nywele?" mke wangu akasema. Hakupaza sauti. "Kwenye chakula changu?"

"Nimeiona."

"Iko wapi?"

"Imezama."

"Tangu tufungue, mtu hajawahi kukuta hata uzi kwenye chakula changu, na leo, mbele ya mgeni na mbele ya mkaguzi mpya, wewe unaona nywele?" Akavuta kiti, akakaa, akachukua kijiko cha akiba juu ya meza. Akachota mchuzi uliobaki, akautandaza ukingoni mwa sahani, akaupekua. "Hakuna nywele. Wewe, bibi afya, sogea uangalie. Hakuna. Na nitaula mwenyewe muone."

Akapeleka kijiko mdomoni.

Nilimshika mkono kwa nguvu. Kijiko kikaruka, mchuzi ukamwagikia shati lililonyooshwa.

"Ni ile ndoo mbovu," nikasema. "Ya Jumamosi. Ya stika nyekundu."

Mteja wa mwisho aliyekuwa anajichokoa meno akatoa kijiti mdomoni.

"Nyekundu ilitupwa," mke wangu akasema taratibu. Akageuka mlangoni. "Wifi. Hukuitupa ile ndoo?"

Dada yangu alikuwa amesimama pale, mikono inachuruzika maji. "Niliitupa. Naapa kwa mume wangu kaburini, nilimpa mtu wa lori mkononi mwake. Stika nyekundu niliiona kwa macho haya."

"Uliiona vizuri?"

"Wifi, unanifikiria nini?" Sauti ya dada yangu ikaanza kutetemeka.

Kumwacha dada yangu abebe, hilo sikuweza. Nina mengi lakini si hilo.

"Alitupa nyekundu," nikasema. "Mimi nilibadilisha stika. Asubuhi, kabla hamjaja."

"Ulibadilisha," mke wangu akarudia.

"Nilitaka kuona kama ataandika. Kama ataona kosa akaacha kuliandika, basi..." Nikaonyesha ukuta, zile fremu. "Anakuandikia maneno. Wewe unamwita kaka. Jana ulimwambia hukatai. Mimi ningejuaje?"

Nilisubiri anipige. Nilisubiri bwana afya aniparamie. Yeye alikuwa amerudisha kiti nyuma kidogo na ameweka kiganja juu ya tumbo, si kwa maumivu bado, kwa kusikiliza tu. Sahani ilikuwa karibu tupu. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Bosi," akasema. "Ungeniuliza tu."

Hakuna zaidi. Ningependa angetukana.

Bibi afya alikuwa ameshatoka nje kusimamisha gari. Alirudi haraka. "Gari liko mlangoni. Nendeni hospitali sasa, msisubiri dalili. Na kile kilichobaki kwenye ndoo mkichukue, daktari atakihitaji." Akamgeukia mke wangu, na nikaona anatafuta maneno. "Mama, kadi nilikuwa nimeshaijaza ya kijani. Unaelewa kwamba..."

"Andika nyekundu," mke wangu akasema.

"Kosa si lako."

"Jiko ni langu. Chakula kimetoka jikoni kwangu, na mtu amekila. Andika nyekundu, ukimaliza uitundike kwenye mstari na zile nyingine."

Bwana afya akajaribu kusema kitu. Mke wangu akamzuia kwa mkono, akamsaidia kusimama, mkono wake chini ya kwapa lake, na yeye akamwegemea. Nilikuwa nimehangaika wiki nzima nikiogopa kuwaona hivyo hasa, na mimi mwenyewe ndiye niliyewakutanisha.

Walipofika mlangoni mke wangu akamwachia bibi afya amshike, akarudi. Alikuja mpaka karibu yangu kabisa. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ile aproni iliyokuwa begani, akatoa stika, akabandua moja. Nyekundu.

Akaibandika kwenye shati langu, upande wa moyo. Akailalisha kwa kidole gumba, polepole, kutoka kona moja hadi nyingine, ili isibanduke.

Kisha akaondoka na bwana afya ndani ya gari.

Bibi afya aliyebaki nyuma alifunga jiko, akaweka utepe mlangoni, akatundika kadi nyekundu juu ya kaunta bila kunitazama. Dada yangu alivua kofia ya nywele, akaikunja, akaiweka juu ya meza mbele yangu.

"Nimekula chumvi na wewe tangu utotoni," akasema. "Leo ungeniacha niitwe muuaji kwa sekunde ngapi zaidi?"

"Nilisema."

"Ulisema baada ya kufikiria. Nilikuona unafikiria."

Akatoka. Nikabaki peke yangu chini ya ukuta ule. "Jiko hili ni mfano. Sina la kuongeza." Kando yake ile nyekundu, wino haujakauka.

Jua lilikuwa limeanza kuinama simu ilipolia. Jina la mke wangu. Nikapokea. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda cha hospitali yanapita, na mtu anaita nesi.

"Anaendeleaje?" nikauliza.

"Ameanza kutapika. Wamemtundikia maji. Daktari anamuuliza ilikuwaje, amemwambia asubiri kidogo. Anakutaka wewe kwanza. Peke yako, mimi nisiwepo."

"Anataka kuniambia nini?"

"Nimemuuliza, amekataa kuniambia. Mara ya kwanza tangu nimjue."

Nitasema kweli mpaka mwisho: hata hapo, katikati ya hofu yote ile, neno "tangu nimjue" lilinichoma.

"Nakuja," nikasema, nikiwa tayari nashika shati nibandue.

"Stika unayo bado?" akauliza.

Mkono wangu ukasimama. "Ninayo."

"Usiibandue. Pita nayo barabarani, uingie nayo wodini, watu wakuone. Siku ya kutoka nitaitoa mimi mwenyewe. Kama itatoka."

Akakata simu.